Gaju, Paka Aliyepokewa kwa Mikono Miwili

Mimi paka siwapendi, na nalisema mapema kabla mtu hajaniona na manyoya kwenye sweta akaanza kucheka. Nauza mapazia hapa Kimisagara, Rwanda, mwaka wa kumi na moja sasa tangu nitoke Nakuru, na muuza velveti yeyote atakuambia kwamba ukucha mmoja wa paka ni mita nzima imekwenda. Kwa hiyo habari hii si yangu. Ni ya jirani yangu Mukandekezi, ingawa mwishowe nilijikuta katikati yake mpaka shingoni.

Mukandekezi ana duka la maziwa, ukuta wake na wangu ni mmoja. Unaingia, unaketi kwenye benchi, unaletewa kikombe kikubwa cha mtindi na mandazi mawili, unakunywa kwa utulivu. Ukiharakisha atakuuliza kama unafukuzwa na polisi. Ana miaka sitini na sita, mrefu, na kitambaa chake cha kichwa sijawahi kukiona kimekaa upande. Alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi waliokimbilia huko na ng'ombe wao. Ndiyo maana Kiswahili chake kimenyooka, na ndiyo maana anadai shikamoo. Mimi Mkenya siku za kwanza nilikuwa nampita na "habari ya asubuhi" yangu. Siku ya tatu akanisimamisha mlangoni mbele ya wateja.

"Wewe binti, kwenu hamna wakubwa?"

"Wapo, Mama."

"Basi rudi pale ulipotoka, uje tena vizuri."

Haki ya Mungu, nilirudi hadi kwenye ngazi za duka langu, nikaja upya na shikamoo yangu mkononi. Tangu siku hiyo tukawa marafiki.

Baba yake Karagwe alikuwa na ng'ombe arobaini. Lakini Mukandekezi akizungumza habari za baba yake hahesabu wale arobaini, anahesabu wale aliowapa watu. Wanyarwanda wana desturi yao, wanaiita kugabira: mtu anakupa ng'ombe jike kwa heshima, mbele ya watu, nawe unampokea kwa mikono miwili. Ng'ombe akizaa, siku moja unamrudishia aliyekupa ndama jike. Hapo mmefungana, wewe na yeye na watoto wenu. Na ukitaka kuapa, unaapa kwa jina la aliyekupa: *Yampaye inka fulani!* Yaani, naapa kwa fulani, yule aliyenipa ng'ombe. "Karagwe nzima," Mukandekezi husema, "watu waliapa kwa jina la baba yangu." Yeye aliporudi Rwanda alirudi na sanduku moja na kibuyu cha maziwa. Ng'ombe hajawahi kuwa naye tena. Anauza maziwa ya ng'ombe wa watu wengine, na kila debe likifika analinusa kwanza na kufumba macho.

Sasa, kosa langu mimi. Miaka minne iliyopita paka wa mitaani alizalia kwenye boksi langu la velveti nyekundu. Nilipiga kelele hadi nikakauka koo. Watoto watatu wakachukuliwa na wateja, akabaki mmoja wa rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Kwa Mukandekezi panya walikuwa wanatoboa magunia ya unga wa mandazi, basi nikamtia yule mtoto kwenye boksi la nyuzi, nikaenda.

"Mama, chukua hiki. Kitakusaidia na panya."

Mimi nilikuwa naondoa takataka dukani kwangu, niseme ukweli. Lakini yule mama aliweka chini sufuria, akaenda kunawa mikono, akajifuta, akaja kunipokea kwa mikono miwili huku ameinamisha kichwa. Akamwita Gaju. Ni jina la ng'ombe, ng'ombe wa rangi hiyohiyo. Kesho yake kijana mmoja alibisha kuhusu bei ya mtindi, Mukandekezi akainua mkono juu akaapa: "*Yampaye injangwe Njeri!*" Injangwe ni paka, na Njeri ni mimi. Benchi zima likaangua kicheko, na mimi nilicheka kuliko wote. Nilidhani ni utani.

Gaju aliua panya kwa bidii ya mtu anayelipwa. Alipofikisha mwaka hivi akazaa watoto wanne. Walipoacha ziwa, Mukandekezi alikuja dukani kwangu asubuhi moja amevaa mshanana, lile vazi lao la sherehe linalofungwa begani, mkononi kikapu kimefunikwa kitambaa cheupe. Ndani mtoto wa paka, jike, macho kama shanga.

"Njeri, mwanangu, nimekuletea."

"Umeniletea nini? Paka? Ngai! Mama, mimi na manyoya ya paka wapi na wapi? Nauza mapazia mimi!"

Nikacheka. Akafunika kikapu, akaondoka. Nilikuwa na mteja wa mita ishirini, sikufikiria tena.

Uzao wa pili akaja hivyohivyo, mshanana, kikapu, kitambaa cheupe. Nikamwambia, "Mama, bado hujachoka na mchezo huo?" Uzao wa tatu, nikamwona anakuja nikajificha nyuma ya pazia la sampuli. Wa nne hakuja na mshanana, alichungulia tu mlangoni na kikapu, nikamtikisia kichwa.

Wale niliowakataa, pamoja na ndugu zao, aliwapa watu wengine, na aliwapa kwa desturi kamili. Kaliza wa saluni alipewa. Eustache fundi seremala alipewa. Muuza mkaa, mwalimu wa kwaya, wote. Na kwa kuwa ni watu waliolelewa vizuri, paka wao walipozaa, walirudisha! Wengine walirudisha huku wanacheka, lakini walirudisha. Eustache alileta majike wawili ndani ya sanduku la misumari, akisema mmoja ni wa desturi na wa pili ni wa shukrani. Mukandekezi angekataaje? Mtu haukatai mrudisho. Mwaka jana nilihesabu paka kumi na saba kwenye ua wa nyuma, wa rangi zote, na madume ya mtaa mzima juu ya bati letu wakipigana kuanzia magharibi. Wateja wangu walikuwa wananiuliza kama nyuma kuna maternite, wodi ya wazazi.

Tulicheka sana, sikatai. Ila Gaju hakuwa anacheka. Kila nikimwona ana tumbo, au ananyonyesha, au ana tumbo huku ananyonyesha. Uti wa mgongo ukaanza kuonekana, manyoya yakakosa mng'ao. Mwezi wa pili mwaka huu akazaa watatu, wawili wakiwa wamekufa. Wa tatu alikuwa kitu kidogo cheusi chenye vidole vyeupe. Gaju akaingia chini ya friza ya maziwa, akakaa huko siku mbili bila kula, na Mukandekezi akakaa sakafuni siku mbili mbele ya friza, anamsemesha kwa Kinyarwanda. Duka lilikuwa wazi lakini wateja walijihudumia wenyewe.

Mimi ndiye niliyempigia simu Kalisa. Huyu Kalisa ni daktari wa mifugo, kijana aliyekulia Mbarara, ana kliniki yake ndogo kule Rebero. Hutibu ng'ombe wa wafugaji wanaoleta maziwa, lakini mbwa na paka ndio wanaomjazia kliniki. Alikuja, akalala kifudifudi na koti lake jeupe, akamvuta Gaju taratibu. Alimpa sindano mbili na maji chini ya ngozi, akamwambia Mukandekezi wazi, kwa Kiswahili chake.

"Mama, huyu iko na uchafu ndani ya kizazi. Nimemtibu, atapona. Lakini akibeba mimba ingine, sitakudanganya, atakufa. Ule mtoto akiacha kunyonya, mlete nimfunge kizazi. Wiki nane. Usingoje joto yake irudi."

Mukandekezi akawa anampapasa Gaju tu. Kalisa akadhani hajaelewa, akaendelea kumweleza kwa upole. Kwamba anamlaza, hasikii kitu, anatoa kizazi kupitia tundu dogo tu. Akitolewa, usaha wa kizazi hautamwua tena, na uvimbe wa matiti unakuwa nadra, hasa akifanyiwa angali mdogo. Madume yanaacha kuja. Mwenyewe anatulia nyumbani, hazururi, hagongwi na pikipiki. Panya? Panya atakamata vilevile, kwani panya hakamatwi na kizazi.

"Na wale watu wanasema lazima azae kwanza mara moja ndio umfunge?" nikauliza, kwa sababu nilikuwa nimelisikia saluni kwa Kaliza.

"Uongo. Hata mbwa, uongo. Na Mama, wacha kumpa maziwa ya ng'ombe. Yanamharisha."

Hapo nilidhani atafukuzwa na ufagio. Kumwambia Mukandekezi kwamba maziwa yanadhuru! Lakini hata ufagio hakuugusa. Alimfunika Gaju na kitambaa akasema tu, "Hapana. Kizazi cha Gaju sikifungi."

Nikampa wiki mbili. Nikampa tatu. Kila siku namwuliza, kila siku hapana. Mwishowe hasira zangu zikanipanda, na zangu hazipandi kwa ngazi. Nikamwambia mbele ya wateja kwamba anamuua paka kwa ukaidi, kwamba anapenda sifa za kugawa watoto wa paka kuliko paka mwenyewe. Mtu mzima, nimemsemea hivyo. Akanigeukia.

"Wewe Njeri ndiye unayeniambia hayo? Wewe?"

Akaingia nyuma. Siku kumi na moja hatukusemezana. Nilikuwa naleta shikamoo yangu mlangoni, hairudi na marahaba. Kwa upande wa pili wa ukuta nilimsikia Gaju analia ndani ya stoo, Mukandekezi amemfungia ili madume yasimfikie, na madume kumi juu ya bati yanamjibu. Wiki ya saba ilikuwa imeingia. Paka wa kufungiwa stoo siku moja atatoka tu, mlango ukiachwa nusu dakika basi. Nilikuwa sili vizuri, na paka mwenyewe eti siwapendi.

Eustache ndiye aliyenifumbua macho. Alikuja kunipigilia rafu ukutani, misumari imejaa mdomoni, nami nikawa namlalamikia: yule mama ana roho gani? Eustache akatema misumari kiganjani, mmoja mmoja.

"Njeri, kwani hujui? Si ni wewe."

"Mimi nimefanya nini?"

"Wewe ndiye ulimpa Gaju. Alikuletea wa kurudisha, ukakataa. Mara ngapi?"

"Nne. Lakini ilikuwa..."

"Sisi wote tumemrudishia yeye. Yeye peke yake hajarudisha. Mtoto wa mtu aliyegawa ng'ombe Karagwe nzima, na yeye paka mmoja ameshindwa kumrudisha! Sasa afunge kizazi cha Gaju vipi? Akikifunga, amefunga na njia ya kukurudishia. Anangoja uzao ambao utaukubali."

Nilikaa kwenye bunda la pazia. Aibu iliyonishika sina la kuilinganisha nayo. Miaka mitatu yule mama anavaa mshanana, anakuja kwangu na kikapu, namcheka. Na Gaju anazaa, anazaa, anakonda, kwa sababu yangu mimi. Halafu nikamwita muuaji.

"Mbona hakuniambia?"

"Mtu anadai vipi apokelewe?" Eustache akarudisha misumari mdomoni.

Nilifunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo sijawahi kulifanya hata siku niliyougua malaria. Nikaenda nyumbani kuoga. Nikavaa gauni langu la kitenge la harusi ya dada yangu, nikafunga kitambaa cheupe kichwani, nikarudi. Duka la maziwa lilikuwa limejaa. Nikapiga magoti mlangoni, kwa sababu sikujua desturi inataka nini na nikaona bora nizidishe.

"Shikamoo, Mama."

Kijana mmoja akaacha kutafuna.

"Mama, nimekuja kuomba changu. Miaka minne iliyopita nilikupa paka jike. Najua amezaa. Kama mkono wako bado uko tayari, wangu uko tayari. Nilikuwa mjinga, si mwenye dharau. Nisamehe."

Mukandekezi alishika kaunta. Machozi yakaanza kunitoka palepale mbele ya wanywa mtindi. Akaingia nyuma. Tulisubiri sana, hata nikadhani amekataa, kumbe alikuwa anafunga mshanana. Akatoka na kikapu, na ndani yule mdogo mweusi wa vidole vyeupe, yule aliyebaki.

"Njeri," akasema kwa sauti ya kuhutubia, "ulinipa, nikanenepa. Leo nakurudishia."

Nikanawa mikono. Nikapokea kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa. Watu wakapiga makofi ya taratibu, yale yao ya heshima, na mtoto wa paka akakojoa kwenye gauni la harusi ya dada yangu.

"Umpe jina."

"Pazia," nikasema. Lilikuwa jina pekee lililokuja kichwani.

Alicheka hadi akaketi. Kisha akafuta macho, akasema kwa sauti ya chini, mimi tu nisikie: "Sasa nipeleke kwa Kalisa. Leo. Usiniache nifikiri."

Tulipanda Rebero kwa pikipiki mbili, Gaju ndani ya kikapu cha mitungi ya maziwa kilichofungwa kamba mara saba, analalamika kila kona. Dereva wangu aliniuliza kama mgonjwa ana bima. Pale kliniki Mukandekezi alikataa kiti. Alisimama nje ya mlango wa chumba cha upasuaji akinong'ona sifa za ng'ombe, zile tungo walizokuwa wakiwaimbia ng'ombe wa baba yake, na kila palipotajwa ng'ombe aliweka Gaju. Mimi nilishika mkoba wake.

Kalisa akatoka ameshusha barakoa.

"Ni mzima. Lakini Mama, ile uchafu ilikuwa imeanza tena. Mungekuja mwezi kesho, tungekuja kumzika."

Mukandekezi alimshika Kalisa mkono wote, kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko.

Kwa siku kumi Gaju alivaa ile kola kubwa ya plastiki inayomzuia kulamba mshono, akawa anagonga kila mguu wa benchi. Wateja wakamwita mheshimiwa. Mshono ukakauka. Miezi mitatu baadaye tumbo lake lilikuwa la shibe tu, manyoya yanang'aa, na panya aliendelea kuwaleta mlangoni kama zamani. Juu ya bati pakawa kimya hadi mara ya kwanza niliamka nikidhani nimekuwa kiziwi.

Mukandekezi naye hawezi kuamini jambo kwa kipimo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tulipomaliza umuganda, ile kazi ya pamoja ya usafi wa mtaa, mitaro imefagiwa na watu wameketi kwa mkutano, alisimama akaita majina ya wote aliowapa paka. Kila mmoja aeleze kwa nini hajampeleka kwa Kalisa. Watu wazima walijikuna vichwa! Kaliza wa saluni alijaribu kusema wake ni mdogo bado, akaambiwa mdogo ndiye anayetakiwa. Muuza mkaa akauliza kuhusu mbwa wake jike, na Kalisa, aliyekuwa ameletwa makusudi, akamwandika hapohapo. Wale kumi na saba walifanyiwa kwa zamu, na sasa wamebaki watano uani, wengine wamepata nyumba. Na desturi ameipindisha yeye mwenyewe, hakuuliza mtu. Siku hizi ukipewa paka kwake, hurudishi mtoto. Unarudi na paka wako, unamgeuza tumbo juu pale kaunta, Mukandekezi anavaa miwani kuukagua mshono, kisha unapewa kikombe cha mtindi bure. Anasema ndio mrudisho.

Pazia alipotimiza miezi sita nikampeleka mimi mwenyewe. Nilisema nina haraka, namwacha nakwenda zangu. Sikwenda popote. Mukandekezi alikuja na chupa ya chai, tukakaa kwenye benchi la kliniki na watu wengine watano na mbwa wao. Saa nzima. Nikaanza kusema maneno ya kipumbavu, kwamba ana mifupa midogo, kwamba alizaliwa peke yake akabaki peke yake, kwamba hata velveti aichane yote akitaka.

Mlango ukafunguka. Kalisa akamleta amefungwa taulo, ulimi umetoka kidogo, macho yanazunguka. Akaniona. Akatoa sauti moja, ndogo, mbaya, ya kulalamika.

Nilisimama, mkono wangu ukapanda juu wenyewe, nikapiga ukelele hadi mbwa wote wakabweka: "*Yampaye injangwe Mukandekezi!*"

Benchi likageuka. Nikaona haya, nikataka kuketi. Lakini Mukandekezi alikuwa ameweka chini kikombe cha chai, ameshika kifua kwa mikono yote miwili, ananitazama kama mtu aliyeitwa na sauti ya kwao.

"Sema tena," akaniambia.

Nikasema tena.